Upasuaji wa Kuthibitisha Jinsia: Namna ya Kuchagua, Kujiandaa na Kupona

Upasuaji wenyewe huchukua saa chache, na muda wote huo mgonjwa amelala kwa dawa ya usingizi. Kazi yake huanza anapozinduka, nayo huendelea kwa miezi, na kwa upasuaji wa aina moja huendelea maisha yote. Nimewauguza watu wawili wa karibu baada ya upasuaji huu: mdogo wangu, ambaye ni mwanamume transijenda, na rafiki yangu, ambaye ni mwanamke transijenda. Mara zote mbili maswali tuliyowauliza madaktari yalihusu chumba cha upasuaji, ilhali mambo yaliyotuhangaisha yalikuwa ya chumbani kwetu: nani atamsaidia kuoga, atatumia choo cha namna gani, atalalaje, na damu kiasi gani ni ya kawaida. Kwa sababu hiyo ninamshauri kila anayefikiria upasuaji huu achague kwa kutazama kwanza uuguzi ambao ataweza kuumudu baadaye, kisha ndipo atazame picha za matokeo.

Mtu transijenda ni yule ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mwanamke transijenda aliandikwa mvulana, na mwanamume transijenda aliandikwa msichana. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, linalotumika tangu Januari 2022, halihesabu tena hali hii kuwa ugonjwa wa akili, bali limeiweka katika sura ya mambo yanayohusu afya ya kujamiiana, ili watu wanaohitaji matibabu waendelee kuyapata bila kuitwa wagonjwa wa akili. Mwongozo huu unawahusu watu wazima.

Hatua ya kwanza: kujua unachokihitaji

Hakuna upasuaji unaomfanya mtu awe mwanamke au mwanamume zaidi ya alivyo, na wapo wengi wanaoishi vizuri kwa homoni peke yake au bila tiba yoyote. Tena, upasuaji huu si ngazi ambayo lazima uipande yote. Unaweza kufanyiwa kifua ukaishia hapo. Andika kwenye karatasi jambo linalokutesa hasa katika mwili wako, kwa maneno ya kawaida: "siwezi kuvaa fulana moja tu hadharani", "ninataka kukojoa nimesimama", "sitaki tena kumeza dawa za kuzuia homoni za kiume". Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko jina la upasuaji ulilolisoma mahali.

Kwa wanawake transijenda, upasuaji mwepesi kuliko mwingine wa sehemu za siri ni wa kuondoa korodani. Huchukua chini ya saa moja au zaidi kidogo, mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na baada yake dawa za kuzuia testosteroni, yaani homoni ya kiume, huachwa kwa maelekezo ya daktari. Ikiwa unakusudia kutengenezewa uke siku za usoni, mwambie mpasuaji mapema, kwa kuwa ngozi ya mfuko wa korodani hutumika katika upasuaji huo na husinyaa ikikaa muda mrefu bila korodani.

Upasuaji wa kutengeneza uke una namna kadhaa. Ile inayofanywa zaidi hutumia ngozi ya uume iliyogeuzwa ndani pamoja na ngozi ya mfuko wa korodani, na sehemu ya kichwa cha uume, pamoja na mishipa yake ya fahamu, hugeuzwa kuwa kinembe. Njia hii ina historia ya bara letu: daktari Mfaransa Georges Burou alianza kuifanya katika kliniki yake mjini Casablanca, Moroko, mwaka 1956, na wapasuaji wa nchi nyingine wakaifuata. Pale ambapo ngozi haitoshi, mpasuaji anaweza kutumia utando laini unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo, au kipande cha utumbo mpana. Utumbo hutoa ute wenyewe, lakini maana yake ni kupasuliwa tumbo na kuunganishwa utumbo, na hatari zake ni za upasuaji mkubwa wa tumbo.

Ipo namna moja ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi, nayo ni kutengeneza sehemu za nje tu, yaani mashavu ya uke, kinembe na tundu la mkojo, bila njia ya ndani. Anayeichagua hataweza kujamiiana kwa njia ya uke, lakini hana haja ya vipanuzi, yaani vijiti vinavyoingizwa ukeni mara kwa mara ili usizibe, nitakavyovieleza mbele, hupona upesi zaidi, na huepuka sehemu kubwa ya hatari ya kutobolewa utumbo. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja na ndugu wanne, asiye na mlango wa kufunga mara tatu kwa siku, hili ni chaguo la kuzingatiwa kwa uzito, na daktari asiyelitaja aulizwe.

Upo pia upasuaji wa matiti, ambao ni vyema kuusubiri hadi homoni zifanye kazi kwa mwaka hivi ili kuona matiti yatakua kiasi gani, wa kulainisha mifupa ya uso, wa kupunguza kikoromeo, na wa nyuzi za sauti. Estrojeni, yaani homoni ya kike, haiinui sauti ya mtu mzima. Kwa hiyo mazoezi na mtaalamu wa sauti hutangulia, na kisu hufuata ikiwa mazoezi hayakutosha.

Kwa wanaume transijenda, upasuaji unaotafutwa zaidi ni wa kifua. Mwenye matiti madogo na ngozi inayovutika anaweza kufanyiwa kwa mkato unaozunguka chuchu, na kovu lake huwa dogo. Mwenye matiti makubwa hupasuliwa mikato miwili mirefu chini ya kifua, kisha chuchu hutolewa, hupunguzwa na kupandikizwa upya mahali panapofaa. Chuchu iliyopandikizwa hivyo hupoteza hisia nyingi. Kuondoa kizazi, pamoja na ovari au bila ovari, ni upasuaji mwingine unaojitegemea, na mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo tumboni.

Uume unaweza kutengenezwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza hutumia kinembe kilichokuzwa na testosteroni: kinaachiliwa kutoka kwenye tishu zinazokishikilia, na mrija wa mkojo unaweza kurefushwa kupitia humo. Uume huo ni mdogo, wa sentimita chache, lakini una hisia zake zote na husimama wenyewe. Njia ya pili huchukua ngozi, mafuta, mishipa ya damu na ya fahamu kutoka mkononi, chini ya kiwiko, au kutoka pajani. Mbinu ya mkono ilielezwa na wapasuaji wa China mwaka 1984 na bado inatumika sana. Hufanywa kwa awamu, kifaa cha kuusimamisha huwekwa miezi mingi baadaye, hisia zikisharudi, na mkono uliochukuliwa ngozi hubaki na kovu kubwa linaloonekana. Ripoti nyingi za wapasuaji zinaonyesha kuwa kati ya robo na nusu ya waliorefushiwa mrija wa mkojo hupata shida ya mrija huo, ama kuziba au kutoboka. Hilo lisikuogopeshe, ila likufanye ujiulize ni wapi na kwa fedha zipi utatibiwa shida hiyo ikitokea.

Hatua ya pili: barua, umri na mahali

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transijenda, WPATH, kilitoa toleo la nane la mwongozo wake Septemba 2022. Kwa mtu mzima, toleo hilo linataka tathmini ya mtaalamu mmoja mwenye ujuzi, tofauti na toleo la mwaka 2012 lililotaka barua mbili za wataalamu kwa upasuaji wa sehemu za siri. Linapendekeza pia angalau miezi 6 ya homoni kabla ya upasuaji wa aina hiyo, isipokuwa kama mgonjwa hazihitaji au haziwezi kiafya. Hata hivyo hospitali nyingi na kampuni za bima bado zinadai barua mbili, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujalipia tathmini.

Ndani ya Afrika Mashariki hakuna njia ya wazi ya huduma hii katika hospitali za umma, na sheria pamoja na jamii huwafanya wengi waogope hata kumweleza daktari ukweli. Waswahili wengi ninaowafahamu waliopasuliwa walikuwa wakiishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ambako baadhi yao walifika kama wakimbizi baada ya miaka ya kusubiri Nairobi na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Afrika Kusini ina kliniki katika hospitali za umma, mojawapo ikiwa Groote Schuur mjini Cape Town, na sheria yake ya mwaka 2003 humruhusu mtu kubadilisha jinsia kwenye kumbukumbu za serikali. Lakini foleni ya upasuaji huko ni ya miaka mingi. Thailand hupokea wagonjwa wa kulipia kutoka duniani kote. Kanuni za Baraza la Madaktari la nchi hiyo za mwaka 2009 zinakataza kumpasua aliye chini ya miaka 18, zinadai idhini ya mzazi kwa mwenye miaka 18 hadi 20, na zinataka tathmini ya madaktari wa magonjwa ya akili.

Ukizungumza na mpasuaji, muulize amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, wagonjwa wake wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji, na nani atajibu simu yako saa nane za usiku ukiwa umeshaondoka hospitali. Anayekwepa swali la pili mwache. Ongeza kwenye hesabu yako gharama ambazo hazimo katika bei aliyokutajia: chumba cha kulala kwa wiki tatu au nne karibu na hospitali, chakula, nauli ya anayekusindikiza, dawa, bandeji, na akiba ya kurudi tena ikiwa patatokea tatizo.

Suala la watoto limalizwe hapa, wala si baadaye. Kuondoa korodani au ovari huondoa uwezo wa kuzaa kwa damu yako moja kwa moja, na namna ya kuuhifadhi ni kugandisha mbegu au mayai kabla.

Hatua ya tatu: miezi ya maandalizi

Acha sigara, shisha, ugoro na kila chenye nikotini angalau wiki 4 hadi 6 kabla na baada ya upasuaji, na muda mrefu zaidi kama unatengenezewa uume kwa ngozi ya mkono. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyohamishwa isiyopata damu hufa. Hospitali nyingi hupima damu au mkojo kuhakikisha, na anayekutwa nayo huahirishwa hata kama ameshakata tiketi.

Nywele za ngozi itakayoingia ndani ya uke, au itakayokuwa mrija wa mkojo, ziondolewe kwa leza au kwa sindano ya umeme. Kazi hii huchukua miezi mingi kwa sababu nywele huota kwa awamu, kwa hiyo ianze mara tu unapopata tarehe. Kwa ngozi nyeusi, leza isiyofaa inaweza kuunguza na kuacha mabaka. Dai mashine na mtu aliyezoea ngozi kama yako, na kwanza ajaribu sehemu ndogo.

Mweleze daktari wa usingizi mambo yote: seli mundu, pumu, kisukari, presha, upungufu wa damu, malaria ya karibuni, na dawa za mitishamba unazokunywa. Kuishi na virusi vya UKIMWI si kizuizi kwa kuwa tu unavyo. Kinachotazamwa ni kwamba unameza ARV, virusi vimefubazwa na kinga iko imara. Aspirini na vidonge vingine vinavyochelewesha damu kuganda huachwa wiki mbili hivi kabla, kwa kibali cha daktari. Kuhusu estrojeni, baadhi ya madaktari huisimamisha kwa wiki chache na wengine hawaoni haja. Fuata agizo la aliyekushika, usijisimamishie mwenyewe.

Mwisho, mtafute mtu. Hutaweza kujipikia, kubeba ndoo wala kufua kwa wiki za mwanzo. Mtu huyo awe tayari kuona damu na kunyamaza kuhusu aliyoyaona.

Hatua ya nne: kupona kwa kifua

Mgonjwa wa kifua huondoka hospitali siku hiyo au kesho yake, amefungwa fulana ya kubana, na mara nyingi ana mipira miwili myembamba inayotoka ubavuni ikiishia kwenye vichupa laini vilivyobonyezwa. Kichupa kinapotaka kurudi katika umbo lake huvuta damu na maji yanayokusanyika chini ya ngozi. Mdogo wangu alikuwa na vichupa viwili alivyovipachika kwa pini kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Asubuhi na jioni nilinawa mikono, nikaushika mpira kwa vidole viwili karibu na ngozi ili usivutike, na kwa mkono mwingine nikaukamua taratibu kuelekea kwenye kichupa, ili damu iliyoganda isiuzibe. Kisha nilifungua kifuniko, nikamimina kilichomo kwenye kikombe chenye alama, nikakibonya kichupa kama anayekamua limau na kukifunga kikiwa bado kimebonyea. Tuliandika kwenye daftari la shule: kushoto mililita 45, kulia 38. Rangi ilitoka wekundu wa damu, ikawa ya waridi, ikaishia ya manjano. "Dada, leo zimeshuka," aliniambia siku ya sita kabla sijafungua daftari. Madaktari wengi huitoa mipira hiyo kila mmoja ukitoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, na kwa kawaida ni ndani ya wiki moja hivi.

Upande mmoja wa kifua ukivimba ghafla, ukawa mgumu na wenye maumivu kuliko mwingine, damu inakusanyika ndani, na mgonjwa arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Lala chali, umeinua kichwa kwa mito, kwa wiki kadhaa. Usinyanyue mikono juu ya mabega na usibebe kitu cha kilo 5 au zaidi kwa wiki 4 hadi 6. Ndoo ya maji ya lita 20 ni mara nne ya hapo. Chuchu zilizopandikizwa huwa nyeusi na huota gamba ambalo huwatisha wengi. Gamba hilo hubanduka lenyewe, nawe usilichokonoe. Kwenye ngozi nyeusi, chuchu mpya inaweza kubaki na madoa ya waridi yaliyopoteza rangi, na mara nyingi rangi hurudi polepole katika mwaka unaofuata.

Hatua ya tano: kupona kwa uke mpya

Mgonjwa hukaa wodini kwa siku 3 hadi 7. Ndani ya uke huwekwa bandeji ya kuushikilia, na mpira wa mkojo hubaki kwa siku 5 hadi 7 hivi. Siku vitu hivyo vinapotolewa ndiyo siku muuguzi anapokufundisha kutumia vipanuzi, na ningependa uisubiri siku hiyo ukiwa umejiandaa kuliko siku ya kisu.

Kipanuzi ni kijiti laini cha plastiki ngumu au silikoni, chenye ncha ya mviringo na alama za kupimia kina. Mwili huuchukulia uke mpya kama kidonda na hutaka kuuziba. Kipanuzi ndicho kinachouzuia. Ratiba ya kawaida ni mara tatu kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo, kila mara dakika 10 hadi 20, kisha mara mbili hadi kufikia miezi 6, kisha mara moja hadi mwaka, na baada ya hapo mara moja au mbili kwa wiki maisha yote. Mpasuaji wako anaweza kuwa na ratiba yake, na ya kwake ndiyo ya kufuata.

Osha kipanuzi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kikaushe, kipake kilainishi cha maji kwa wingi. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hayafai: hubaki ndani na kukaribisha uchafu. Lala chali, kunja magoti, vuta pumzi ndefu, na ukiitoa ingiza kipanuzi taratibu kwa mwelekeo ulioonyeshwa na muuguzi, hadi kinapogota. Usisukume kwa nguvu. Soma alama, iandike, tulia. Rafiki yangu aliwasha redio ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na ilipofika michezo alijua muda umetosha. Kina kikipungua kwa siku mbili au tatu mfululizo, mpigie mpasuaji kabla hujapoteza zaidi. Aliyeacha kwa wiki mbili katika mwezi wa kwanza anaweza kuhitaji kurudi mezani.

Majimaji ya manjano au ya kahawia, matone ya damu kwenye kipanuzi, uvimbe, na mkojo unaotawanyika kila upande ni mambo ya kawaida katika wiki za mwanzo. Vinyama vyekundu vinavyovuja damu ndani ya uke hutokea mara kwa mara na daktari huvikausha kwa dawa ya kupaka.

Choo cha kuchuchumaa huvuta mshono. Tafuta choo cha kukaa, au kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kwa miezi ya mwanzo. Usipande bodaboda wala baiskeli kwa angalau wiki 6, usiogelee, na usijamiiane kwa wiki 12. Kazi ya ofisini huwezekana baada ya wiki 6 hadi 8, na ya nguvu baada ya miezi 3. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua ni hatari kwa mshono, kwa hiyo kunywa maji mengi, ule mapapai, mboga za majani na uji, na umeze dawa ya kulainisha choo kama ulivyoandikiwa.

Nawasihi wanaouguza, hasa mama na shangazi zetu wenye mikono ya huruma: mgonjwa huyu asikandwe kwa maji ya moto kama mzazi. Maji ya moto huunguza ngozi ambayo haijarudiwa na hisia. Asikalishwe kwenye beseni lenye dawa ya kusafishia sakafu, wala asipakwe majivu au unga wa mizizi. Maji safi ya uvuguvugu yanayotiririka, sabuni laini, na kukaushwa kwa kitambaa safi bila kusugua yanatosha. Mtori, hata hivyo, mpikieni.

Waliotengenezewa uume

Hawa hukaa hospitali siku 5 hadi 7 au zaidi, na katika saa 72 za mwanzo wauguzi huangalia rangi na joto la uume mara kwa mara, mchana na usiku, kwa kuwa mshipa wa damu ukiziba wana saa chache za kuuokoa. Uume husimamishwa kwa bandeji usilale wala kujikunja. Mkojo hupitia mpira uliowekwa tumboni, juu ya kinena, kwa wiki kadhaa, ili mrija mpya upone ukiwa mkavu. Mkono uliochukuliwa ngozi unahitaji mazoezi ya vidole na kiganja. Siku ya kwanza kukojoa kwa njia mpya, tazama mkondo. Ukiwa mwembamba, ukikatika, au mkojo ukitokea pembeni, hiyo ndiyo shida niliyoitaja. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo yeyote, hata wa mkoani kwenu, anajua fistula, yaani tundu lisilotakiwa, na mrija ulioziba. Anaweza asiwe amewahi kuona uume wa namna hii, na ndipo ripoti ya mpasuaji inapokuwa na kazi.

Kovu la ngozi nyeusi

Ngozi yetu ina mwelekeo wa kuota makovu yanayoinuka, na mengine huvuka mipaka ya kidonda yakawa keloidi. Ukiwa na keloidi sikioni au begani, au mzazi wako anayo, mwambie mpasuaji kabla ya kisu. Kidonda kikishafunga kabisa, kwa kawaida wiki chache baadaye, karatasi za silikoni huvaliwa karibu mchana na usiku kwa miezi miwili au mitatu. Kovu linaloanza kuwasha na kuinuka lichomwe mapema sindano ya steroidi. Likishakuwa kubwa huwa kaidi. Likinge na jua kwa mwaka mzima, maana jua hulitia weusi usiolingana. Krimu za kujichubua zisiguswe.

Dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Homa ya nyuzi 38 na zaidi. Wekundu au joto linaloenea. Usaha wenye harufu. Damu inayolowesha pedi moja kwa saa. Kushindwa kukojoa baada ya mpira kutolewa. Hewa au kinyesi kutokea ukeni, kwa maana kuna tundu kati ya uke na utumbo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Kubanwa pumzi au kuchomwa kifuani ghafla. Mbili za mwisho huweza kuwa damu iliyoganda na kusafiri hadi mapafuni, nayo huua. Ndiyo maana mgonjwa hutembezwa wodini mapema, na ndiyo maana hafai kupanda ndege ya saa nyingi kabla mpasuaji hajamruhusu. Akiruhusiwa, avae soksi za kubana, anywe maji na asimame kila baada ya saa moja au mbili.

Kabla ya kuondoka, dai ripoti ya kuruhusiwa inayoeleza kilichofanywa, kwa lugha ambayo daktari wa nyumbani ataisoma, na uibebe mkononi pamoja na vipanuzi. Afisa wa uwanja wa ndege akiuliza, ni vifaa vya hospitali na ripoti inathibitisha. Mwenye pasipoti isiyolingana na sura yake abebe pia barua ya daktari.

Moyo

Wiki ya pili hadi ya nne, wengi hulia bila kujua sababu. Dawa ya usingizi, maumivu, kukosa usingizi, homoni zilizobadilika na upweke hukutana kwa wakati mmoja. Rafiki yangu alinong'ona, "Je, kama nimekosea?" Siku kumi baadaye aliomba kioo. Huzuni hiyo siyo majuto, ingawa aliye ndani yake hawezi kuitofautisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliounganisha tafiti 27 zenye wagonjwa 7,928, ulikuta waliojuta ni kama asilimia 1, ingawa baadhi ya tafiti hizo hazikuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi. Huzuni ikizidi wiki kadhaa, au yakija mawazo ya kujiua, mtaalamu atafutwe kama vile kidonda kinapotoa usaha.

Miaka inayofuata

Aliyeondolewa korodani au ovari lazima aendelee na homoni kwa muda mrefu, kwa kawaida hadi uzeeni. Mwili usio na estrojeni wala testosteroni hupoteza madini ya mifupa, na nyonga huvunjika kwa kuanguka kidogo. Anayerudi nyumbani apange mapema atapata wapi dawa hizo, na akishindwa kwa mwezi mmoja asinyamaze.

Viungo vilivyobaki vipimwe. Mwanamke transijenda aliyetengenezewa uke bado ana tezi dume, nayo sasa iko mbele ya uke. Estrojeni hushusha kipimo chake cha damu, kwa hiyo namba inayoonekana ya kawaida kwa wanaume wengine inaweza kuwa kubwa kwake. Mwanamume aliyebakiwa na mlango wa kizazi apimwe saratani ya mlango wa kizazi. Aliyepasuliwa kifua bado ana tishu kidogo za matiti, na uvimbe wowote kifuani uonwe na daktari.

Rafiki yangu ana kadi ndogo aliyoilaminisha, ipo nyuma ya kitambulisho chake. Imeandikwa kundi la damu, dawa anazotumia, aina ya upasuaji na mwaka wake, namba ya simu ya mtu wake, na mstari mmoja aliomwomba mpasuaji aumalizie kwa mkono wake: iwapo hajitambui na anahitaji mpira wa mkojo, tundu la mkojo liko wapi.